Dirisha Namba Tatu

Mimi si hakimu. Nakaa dirisha namba tatu,
nyuma ya kioo chenye tundu la ukubwa wa kisahani,
kazi yangu kuandika risiti.
Jumatatu ndiyo siku ya mavuno:
wikendi nzima Malindi imekosea.

Wa kwanza leo Kahindi wa tuktuk,
hana kioo cha pembeni, upande wa kushoto.
Kioo kile, duka la spea kule Barani, ni mia tatu na hamsini.
Kukikosa ni elfu tano.
Anahesabu noti za mia mia, zina mchanga,
moja imeungwa kwa selotepu.
"Na tuktuk imelala kituoni siku tatu," aniambia,
"mwenye mali anataka mia nane kwa siku, ilale isilale."
Namtazama. Hilo sina pa kuliandika.

Risiti yangu ina jina, kosa, kiasi, sahihi.
Haina nauli ya kutoka Gede na kurudi,
haina mtoto aliyeachwa kwa jirani bila uji,
haina yule kijana wa mlangoni anayenong'ona
"nipe mia mbili nikutafutie faili"
na faili lenyewe liko mezani kwangu tangu saa mbili.

Twalib Mbwarali, kutema tambuu barabarani: mia tano.
"Mate ya nani yamewahi kufika bei hii?" aliuliza kule ndani.
Watu wakacheka. Hakimu akaongeza mia mbili za kicheko.

Kisha Mbeyu.
Viazi vya karai, kona ya soko, bila kibali.
Askari wa kaunti walibeba karai,
mafuta wakayamwaga mtaroni, lita tatu,
"mafuta ya jana tu," asema, "hayajaanza hata kuwa meusi."
Faini elfu tatu.
Amekopa kwenye simu, njiani, akiwa juu ya bodaboda;
riba imeanza kutembea
kabla wino wangu haujakauka.
Kibali chenyewe ni elfu mbili na mia nne.
Alikuwa anaziweka, mia baada ya mia, ndani ya mkebe wa Kimbo.
Sasa mkebe umelipa kosa la kukosa kibali,
na kibali bado hana.
Nikampa risiti. Akaisoma mbele na nyuma
kama mtu anayetafuta chenji.

Wasemao sheria ni msumeno
hawajauliza ule unga wa mbao huangukia wapi.
Huangukia hapa. Mimi ndiye nifagiaye.
Jioni nikifunga kitabu, jumla yake ni safi, haina mate wala mafuta,
thelathini na saba elfu mia nne,
na hakuna aliyeua, hakuna aliyeiba.

Lakini hadithi haikuishia jioni.
Saa saba njaa ilinitoa.
Nikamkuta Mbeyu kona ileile,
karai la kuazima, limebonyea ubavuni,
jicho moja kwenye mafuta, jingine barabarani.
Nikatoa ishirini, kama siku zote.
Akanifungia vitatu.
"Dada, si huwa vinne?"
Akanitilia ukwaju, hakuniangalia.
"Cha nne nimekiacha dirisha namba tatu."

Nyuma yangu palikuwa na foleni:
fundi viatu, wanafunzi wawili, muuza maji.
Kila mmoja alitoa ishirini, kila mmoja akapewa vitatu,
na hakuna hata mmoja wao
aliyepata kusimama mbele ya hakimu.

Nikala nimesimama. Vilikuwa vitamu, ndio ubaya wake.
Mkononi likabaki gazeti, limelowa.
Nikaangalia kulia. Kushoto.
Pipa la karibu liko mbele ya ofisi ya kaunti, mwendo wa dakika kumi,
na saa yangu ya mapumziko imekwisha.
Bei ya kutupa taka naijua kwa moyo, naiandika kila wiki.
Nikalikunja, nikalitia mfukoni, raia mwema.

Mafuta yakapenya polepole
hadi kwenye suruali ya kazi, ile ya kijivu.
Dobi wa Majengo kaigeuza, kanusa.
"Mia na hamsini," akasema.
Sikumwomba risiti.