Daraja la Pili

Simu huja usiku, ghala likishafungwa,
nikiwa bado nachokoa vumbi la korosho kwenye kucha.
"Kipa," ananiita. Hajawahi kuniita Nangomwa.
"Kipa, mvua ya huku haina adabu, inanyesha kutoka ubavuni."
Namuuliza goti. Ananiuliza bei.
Namwambia mnada wa Ijumaa umeshuka,
wakulima wamegoma, wamekalia magunia yao.
"Hata mimi nimeshuka," anasema,
na tunacheka mpaka mmoja wetu anaacha.

Uwanja wetu wa Newala uliinamia bondeni.
Nahodha mwenye akili alichagua kupanda kwanza,
ili kipindi cha pili, pumzi ikimwisha, mteremko umchezee.
Twalibu hakujali kupanda wala kushuka:
bega la kulia linadanganya,
mguu wa kushoto unasema kweli.
Mabeki wote wa tarafa walijua.
Kujua hakukuwasaidia.

Ng'ambo yake ya kwanza ilikuwa Ruvuma tu.
Alivuka na njumu za kuazima ndani ya mfuko wa Rambo,
na kule Nampula walipomzomea kwa Kimakua
akawajibu kwa Kimakua cha bibi yake, Somoe wa Masasi.
Jukwaa likanyamaza, kisha likaangua kicheko.
Mabao kumi na tisa.
Ugeni ulianza baadaye:
Muskati, mazoezi saa nne usiku kulikwepa jua,
mabao kumi na moja;
kisha Poland, ardhi imeganda kama jiwe la kunolea,
manne, na moja kati ya hayo beki wao alijifunga,
wakamwandikia yeye kwa huruma.
Wakala alikata asilimia yake,
kisha akakata simu.

Klabu ikamtoa kwa mkopo.
Mama yake aliposikia neno hilo alikaa chini:
"Mwanangu amewekwa rehani!"
Nilimweleza mara tatu.
Mara ya nne nikaona yeye ndiye aliyeelewa.
Tangi lake la maji, lita elfu tano, ni bao la Muskati.
Majirani wakija na ndoo husema,
"Tunaomba kidogo kwenye kile kichwa cha dakika ya themanini."

Sasa ile penalti.
Ilikuwa Julai, salfa inapulizwa mashambani,
macho yetu yote mekundu.
Mgeni kutoka Dar alikalia kiti cha mwalimu mkuu,
daftari juu ya goti, hajaandika kitu.
Miaka sita nilikuwa nimedaka mashuti ya Twalibu
nyuma ya kiwanda cha kubangua.
Nilijua upande.
Nikaruka kulia.

Siku nyingine nasema nilimpa.
Siku nyingine, peke yangu na mizani,
nasema salfa iliniingia jichoni,
au bega lile lilinidanganya na mimi,
kama walivyodanganywa wenzangu wote.
Sijui tena. Nimeisimulia kimoyomoyo
mpaka imechakaa pande zote mbili.

Jana akauliza. Miaka kumi na nne, jana.
Nyuma yake mashine ilikuwa inafua jezi za timu nzima.
"Kama uliniachia, nina deni.
Kama nilikufunga, nilikuwa na kipaji.
Nataka kujua kabla ya Alhamisi, kabla ya daktari."

Kazi yangu ni kukata korosho za sampuli,
kutazama kiini, kutamka: la kwanza, la pili.
Watu wazima husimama mbele yangu
wakiuangalia mdomo wangu, msimu mzima umo humo.
Sijawahi kusita.

"Twalibu," nikasema, "mtandao. Sikusikii.
Sikusikii, ndugu yangu."

Mtandao ulikuwa safi.
Niliisikia hata mashine ikipunguza mwendo,
ikizunguka mara moja, mara nyingine,
na jezi zikidondokeana, zikitulia.