Sukumawiki ya Todmorden

Nilirudisha kadi ya mlangoni siku ya Alhamisi.
Picha yake ilikuwa ya mtu mwingine,
mashavu yamejaa, tabasamu la siku ya kwanza,
bado hajui kwamba miaka kumi na mmoja
inaweza kukaa kwenye dirisha moja la ghorofa ya sita, Leeds,
ikihesabu mishahara ya watu.

Waliniletea keki. Wakanipa vocha ya dukani,
pauni hamsini, ninunue kitu cha kuwakumbuka.
Iko kwenye droo, chini ya mishumaa.

Nimeuza gari. Nimeuza televisheni,
na meza iliyobeba televisheni,
na mashine ya kahawa iliyokuwa ikinguruma
kama bosi asiye na hoja.
Viatu nimebakiza jozi tatu: vya mvua, vya mvua zaidi,
na vya harusi au msiba, litakalotangulia.

Shangazi Mkamburi akapiga simu kutoka Wundanyi.
"Wamekufukuza?"
La, shangazi.
"Unaumwa?"
La.
"Basi umeacha kazi ukiwa mzima, na akili zako?"
Nikamweleza: kishamba cha kukodi kando ya mfereji,
hatua ishirini kwa kumi, jiko la kuni,
mkate wa kuoka mwenyewe, nguo kushonwa zikichanika.
Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekatika.
Kisha kicheko, kikavu:
"Mwanangu, hayo yote tulikuwa nayo hapa.
Tuliuza ng'ombe wawili ili uyakimbie."

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.
Usiku ule niliwaota wale ng'ombe,
yule mwekundu hasa, wa pembe iliyovunjika,
amesimama kati ya madawati ya ofisi
akisubiri risiti.

Sitasema umaskini ni mtamu. Naujua.
Umaskini ni kuhesabu, na huku pia nahesabu:
salio la mita ya umeme,
magunia ya kuni hadi Machi,
na pesa za kutuma nyumbani, ambazo sasa ni nusu,
na nusu iliyopungua ina uso:
Mghoi, kidato cha tatu, sketi ya shule imemfupia.
Hilo silipambi.

Lakini asubuhi nateremka na jembe,
ukungu umejilaza juu ya maji,
Bwana Sugden wa kishamba cha pili ananiinulia kidole kimoja,
ndiyo salamu yake na hotuba yake,
na kucha zangu zina udongo ambao hakuna aliyenituma kuuchimba.

Nimepanda sukumawiki.
Jina hilo nimelitamka tangu utotoni bila kulitazama.
Kusukuma wiki.
Na mimi nilizisukuma! Jumatatu kama toroli la gurudumu bovu,
Ijumaa naangukia kochi na koti mwilini,
Jumamosi niko madukani
kununua fidia ya uchovu, kwa mkopo.
Sasa jani ndilo linalosukuma. Kazi yangu kumwagilia,
na hapa Todmorden hata hiyo mvua imeninyang'anya.

Juzi niliuza mafungu saba sokoni.
Pauni kumi na nne.
Kumi kwa Mghoi, tatu zikaliwa na ada ya kutuma,
moja iko mezani, inanitazama.
Shangazi akajibu kwa neno moja: "Zimefika."
Sijui kama ni msamaha.

Konokono wameumaliza mstari wa tatu.