Kilichoshika Mlango

Achia aliliokota Rupa, kwenye kifusi cha marumaru,
lori lilipoondoka na mapande yaliyonyooka.
Miaka miwili limeshika mlango wake hapa Moroto,
kuku wakilinyea,
hadi mvua ya Aprili ilipoliosha
na nukta nyekundu zikatukodolea macho.

"Yakuti," akanong'ona, akaufunga mlango kwa kisigino.

Nikamwambia ngoja. Jiwe haliulizwi jina,
huulizwa kwa msumari.
Penye weupe tukadondosha ndimu: povu dogo, la aibu.
Hiyo chokaa, matope ya bahari
kabla Karamoja haijaijua kiu.
Penye wekundu msumari ukateleza,
ukaacha chuma chake.
Nikaleta kokoto la mtoni, lile jeupe linalokata chupa;
likachanika lenyewe.
Juani tukahesabu pande. Sita.
Achia akarudia, kwa kidole kilichopondwa na nyundo.
Sita.

Basi si doa, wala si damu ya mtu.
Ni tope lililozikwa, likabanwa, likapikwa
bila kuyeyuka,
na uchafu uliokuwamo
ukapata muda wa kujipanga.

Mnunuzi alikuja na tochi yake.
"Vunja. Nyekundu nanunua, nyeupe tupa."
Nyundo ya kwanza, ufa ukapita
katikati ya yakuti, kana kwamba unaijua njia.
Achia akaishusha nyundo.
Akampa chai, akamsindikiza hadi barabarani.

Usiku jiwe lilikuwa mlangoni tena,
ufa ukitazama nje,
wekundu ukitazama ndani.