Hesabu ya Vidaka

Chande mkwezi hazungumzi akiwa juu.
Hukata, huangusha, hushuka, hulipwa kwa mti.
Siku ile aliita toka kileleni:
"Binti Mbaruku, hebu okota vidaka,
uniambie vingapi."

Thelathini na vinne.
Vidogo kama ngumi ya mtoto aliyelala,
kila kitako na weusi wake, kama kilichoguswa masizi.
Nikasema ni tumbili. Nikasema ni jua la Februari.
Chande akavunja upunga mmoja, akautupa miguuni pangu:
ulitakiwa uwe na rangi ya samli,
ulikuwa mweusi kama utambi uliozimwa.

Ndivyo unavyoanza, alisema Bi Nemganga,
bibi shamba wa Muheza, viatu vimejaa mchanga.
Kwanza kidaka hakifiki kuwa kitale.
Kisha kuti la chini linageuka njano, na la juu yake, na la juu yake,
manjano yanapanda kama maji kwenye kitambaa.
Kisha inaoza shaha, moyo wenyewe, harufu unaisikia barabarani.
Kisha usiku mmoja kichwa chote kinadondoka
na asubuhi watoto wanauliza kilikuwa kishindo cha nini.

Pita nyuma ya msikiti, hapa hapa Kigombe,
utazame shamba la kina Semhina:
nguzo za simu zisizo na waya,
kunguru juu yake, hana wa kumpigia.

Nikauliza dawa.
Wapo wanaomwaga chumvi ya mawe shinani.
Wapo wanaopigilia misumari.
Mjomba Kivumbi alifunga hirizi ya kitambaa chekundu,
mnazi ukafa umevaa.
"Dawa hakuna," alisema. "Kuna shoka.
Na moto kwa kilele, siku hiyo hiyo,
maana tunawashuku vijidudu, wadogo kama punje ya ufuta,
wananyonya huku, wanahamia kule."

Lakini mti ulikuwa kijani bado!
Kijani cha kumfanya mpita njia aombe dafu.
Na ulikuwa wa Mwinjaka.
Chini yake kuna kitovu cha ndugu yangu,
mama alikizika kwa mkono wake,
mwaka ule bei ya mkonge ilipoporomoka
na baba akarudi toka shambani na panga tu.

Nikampigia, yuko Lindi.
Alinyamaza mpaka nikadhani vocha imekwisha.
"Mingine mingapi?"
Arobaini na mmoja.
"Bado imeshika vidaka vyake?"
Imeshika.
"Basi usingoje uwe njano ndipo unitumie picha."

Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema.
Mimi nilibusu niliouweza.
Gome lilikuwa na ladha ya vumbi na sisimizi.

Uliangukia upande wa choo, ukavunja ukuta.
Majirani walikuja na sahani kuomba shaha,
nikasema hapana, yote motoni,
mpaka leo Mwanamkasi ananiita mchoyo.
Nilipoipasua ilikuwa nyeupe,
nyeupe kabisa, nikaanza kujilaani,
mpaka panga lilipofika ndani
likakuta doa la kahawia, kubwa kama shilingi ishirini.
Nililitazama kama mtu anavyotazama risiti.

Sasa sinunui mche wa kwenye gari,
hata ukiwa bei ya bure, hata muuzaji akiapa.
Kwa kina Semhina umebaki mmoja uliosimama na kichwa chake
katikati ya maiti, haujui kwa nini, wala sisi hatujui;
nimeomba nazi zake sita, nimezilaza kitaluni ubavu.
Mbili zimechipua.

Na kila Ijumaa, kabla ya kuoga, nazunguka na daftari.
Leo: mnazi wa saba, vidaka viwili chini.
Viwili si kitu. Mti wenye afya nao hupunguza mzigo.
Nimeandika hivyo hivyo,
kwa penseli.