Kishale Majini

Nilikinunua kwenye mnada wa shule, kwa kroner hamsini,
ndani ya boksi la viatu, pamoja na chaja
na kile kikombe cha mpira cha kukibandika kiooni.
Mama aliyekuwa akiuza akaniambia, "Ramani yake imezeeka,
lakini sauti ingali nzima."
Nikacheka. Hata mimi husemwa hivyo.

Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wagonjwa
pande zote mbili za ghuba:
sindano kwa Eldbjørg, vidonda vya miguu kwa Torleiv,
na yule Aslaug anayeficha vidonge chini ya paka.
Barabara za huku zimejikunja milimani kama utumbo,
na theluji ikianguka hufuta kila kibao.
Nilihitaji mtu wa kuniambia kulia, kushoto.
Sikuhitaji mtu wa kubishana naye.

Ubishi ulianza siku ya kwanza.
Tulipofika darajani, daraja jipya, la mwaka juzi,
lenye nguzo ndefu kuliko mnara wa kanisa,
kikasema kwa upole: "Panda kivuko."
"Kivuko hakipo," nikajibu.
"Panda kivuko."
Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo chake
barabara ikakatika kama uzi,
na kishale chekundu, yaani mimi,
mkoba wangu wa bandeji na chupa yangu ya kahawa,
kikaingia kwenye rangi ya buluu
kikaendelea, kilomita themanini kwa saa, juu ya maji.
"Geuka ukiweza. Geuka ukiweza."
Hakikunyamaza mpaka magurudumu yalipogusa ng'ambo.
Hapo kikashusha pumzi (naapa nilisikia)
kikaniambia nishike kushoto, kana kwamba hakuna lililotokea.

Jorunn, mwenzangu kazini, ana gari linaloongea lenyewe.
Lilimpeleka zizini kwa mtu,
ng'ombe kumi na wawili wakamtazama.
Na bado analisifu.
Kila mtu hutetea kinachompoteza.

Usiku mmoja wa Februari natoka kwa Torleiv.
Nilikuwa nimemfumba macho, nimefungua dirisha,
nimempigia simu binti yake aliye mbali.
Mikono bado ilinuka dawa ya kunawia.
Nilipokaa garini sikutaka kufikiri.
Nikabonyeza alama ya nyumba.

Miaka miwili ninacho, sikuwahi kukionyesha kwangu;
kwangu nakujua. Kumbe Nyumbani ilikuwemo tayari,
ya mtu mwingine.
"Dakika kumi na moja," kikasema,
nami nikafuata, mtiifu kama mgeni,
mteremko, duka lililofungwa, kona ya mashine ya mbao,
kisha darajani. "Panda kivuko."
Nikapanda daraja.
Katikati, pale upepo unapolisukuma gari kwa bega,
kikasema nisilowahi kulisikia juu ya maji:
"Umefika. Nyumbani ni upande wako wa kushoto."

Nikawasha taa za dharura, nikasimama pasiposimamwa.
Kushoto palikuwa na chuma cha ukingo,
kisha hakuna kitu,
na chini ya hakuna kitu, maji.

Yule mama wa mnada, nilipomuuliza, akasema
kilikuwa cha Asgeir, shemeji yake, nahodha wa kivuko,
miaka thelathini na moja,
dakika kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi.
Wenzake walimpa zawadi alipotimiza hamsini.
Gari hakuwa nalo.
Akakijaribu palepale kwenye usukani wake:
Hifadhi mahali hapa.
Siku ya kufungua daraja alialikwa ashike utepe. Hakwenda.
Sasa yuko bara, kwa mwanawe,
mahali pasipo na maji hata ya bwawa.

Bado nakiacha kinigombeze kila nikivuka.
Jana tu, kwenye foleni ya kituo cha mafuta,
nilijaribu kuandika anwani yangu. Kikauliza:
"Ubadilishe Nyumbani?"
Kidole kikabaki hewani
hadi gari la nyuma likapiga honi.