Daftari la Ghala

Baba alikuwa mkalimani wa reli, kambi ya Chimala.
Aliniachia koti la mvua, filimbi isiyolia,
na daftari linalonuka mafuta ya taa.

Ukurasa wa kwanza una herufi moja ya Kichina,
ameirudia mara arobaini, kama mtoto aliyeadhibiwa.
Pembeni, kwa mwandiko wake wa kulala:
*Juu, kugawa. Chini, kauri. Shen anasema
kauri ikigawanywa hata isitoshe, hapo soma: ufukara.*

Siku za mvua kazi ilisimama, Shen akasimulia.
Kwao zamani njaa ilikuwa hasira ya mbingu:
mfalme alifunga, akavaa gunia, akatubu;
mbingu ikasamehe, watu wakafa vilevile.
Wakaja waliosema, msiisingizie mvua, fungueni ghala.
Yakaja masufuria ya uji langoni mwa mji,
na aliyechelewa akalamba mwiko.
Kisha karani mmoja, jina lake limeliwa na mchwa,
akawaza, wala si habari ya huruma, habari ya bei:
nunua nafaka inapodharauliwa,
uza kabla haijaanza kuringa.

Hapo baba amepiga mstari mara mbili.

Mimi ni mtunza ghala hapa Vwawa.
Julai, baridi ikitafuna vidole,
madalali wa Tunduma huja na lumbesa zao,
magunia yaliyovimba shingo,
nasi twanunua debe kwa bei isiyotutia aibu.
Februari twawauzia wenye kadi.
Karani yule angecheka kwa furaha.

Ila Februari hii alikuja Mama Nzunda, hana kadi.
Mahindi yake yaliuzwa yangali shambani,
yakatibu mguu wa mwanawe Osia.
Nikamwonyesha kanuni ukutani.
Akaisoma yote, taratibu, mpaka muhuri.
“Imeandikwa vizuri,” akasema,
akajitwisha debe tupu.

Usiku nikafungua ukurasa wa mwisho.
*Nimemuuliza Shen: na asiye na hata debe la kuweka?
Hakujibu. Alifunika darubini yake,
tukatembea nyumba kwa nyumba hadi giza.
Alihesabu sufuria. Alihesabu blanketi.*
Chini ya hapo karatasi ni nyeupe mpaka jalada.

Leo nimefunga ghala saa sita, wajumbe na wanune.
Treni ya Zambia imepita, haikusimama.
Kwa Mama Nzunda: sufuria moja, blanketi moja,
kuku akiatamia mayai ya kuazima.
Osia alinipa kigoda, yeye akasimama kwa mguu mmoja.
Sikuwa na la kusema. Nilihesabu tu.

Nimeandika jina la mama yake kwenye leja,
safu ya wenye kadi, chini kabisa.
Kwa penseli.
Wino bado naogopa.