Akiba ya Mshono

Mara ya kwanza, mwezi wa tano, kiuno ishirini na saba.
Niliandika kwa penseli kwenye daftari la shule
na Aikande akacheka, tepu ilimtekenya.
Mvua ya Kiboriloni ilikuwa inapiga bati,
tukasemezana kama viziwi.

Mara ya pili, ishirini na nane.
Akasema, ni chapati za mafundisho, mama.
Maana kila Jumatano, wiki nane,
wachumba huketi chumba cha nyuma ya madhabahu
wakifundishwa wasichotakiwa kukijua bado,
na baadaye chai.

Mama Mchungaji alishapita kibandani kwangu.
Alishika satini kwa vidole viwili, akasema:
Dada Ndeshi, wewe ndiye jicho letu.
Shela ni ya aliyejitunza.
Sikuombi umbea. Niletee namba tu.

Somo la nne huwa ni la ndizi.
Anaimenya saa tisa, anaiweka mezani mbele ya wote,
saa kumi na moja anauliza: nani anaitaka?
Wachumba wanatazama viatu.
Ndizi imeshakuwa nyeusi.
Basi, anasema, na anafunga Biblia.

Mimi nimezaliwa Uru.
Najua ndizi iliyopitiliza inakoenda.
Mama aliipika mpaka ikawa nyekundu,
akaiacha ikae, ikachacha, akaichanganya na ulezi,
na waliokuja kuposa ndiyo waliyokaribishwa nayo.
Nimeokoka mwaka wa kumi na tisa huu, sinywi.
Ila pua haijaokoka yote.

Elirehema alikuja Jumamosi kupimwa suruali.
Thelathini na mbili, ileile ya Pasaka.
Dhambi haikumwongezea hata robo inchi.
Anapiga kinanda ibada ya kwanza na ya pili.
Aliniuliza kama suti ya bluu itang'aa kupita kiasi kwenye picha.

Mara ya tatu Aikande hakucheka.
Ishirini na tisa na nusu.
Tulisikia cherehani ya jirani,
tulisikia muuza parachichi akitaja bei.
Hakuomba kitu. Alishika tu ncha ya tepu
kama mtoto anayeshika ncha ya kanga sokoni.

Mimi nilifungishwa Alhamisi, saa mbili asubuhi,
kanisa likiwa linafagiliwa.
Gauni la kijivu. Kichwa wazi.
Kwaya haikuitwa.
Mume wangu alivaa ua kifuani, yeye hakukatazwa.
Mzee Kisamo aliegemeza ufagio ukutani,
akavua kofia, akasimama mpaka amina.
Walikuwepo na mashahidi wa kusaini. Siwakumbuki.

Usiku ule umeme ulikatika, nikashona kwa tochi ya simu.
Fundi aliyenifunza alikuwa mlevi na mkali,
lakini alisema: usikate kitambaa kwa hasira, binti,
mwili ni kitu kinachoendelea.
Nikaacha inchi mbili kila ubavu, nikazikunja kwa ndani
mahali nguo zote, hata ya askofu,
huficha nyuzi zake.

Bwana, wewe unayeshona tumboni bila tepu,
bila kumuuliza mtu tarehe ya harusi,
niliandika ishirini na saba.
Kama ni uongo, ni wa inchi mbili na nusu.
Nidai mimi, usimdai yeye.

Jumapili, baada ya matangazo,
nilimpa Mama Mchungaji karatasi.
Aliitazama namba kuliko namba inavyohitaji kutazamwa.
Akaikunja mara nne, akaisokomeza kwenye kipochi
chenye sadaka ya jengo na dawa za presha.
Kisha, akiangalia upande wa mlima,
ambao siku hiyo ulikuwa umejifunika wote,
akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya:

Umeacha akiba ya mshono?